Somo: Kutoa DNA ya rooibos ili usome jinomu yake yote

Wakuu, wengi mnaulizia mashine gani nzuri ya kusoma jinomu (yaani DNA yote ya kiumbe), mashine baadaye, mimea ya fynbos (vichaka vya asili vya Rasi, Afrika Kusini) inakushindia kwenye jani. Rooibos mnaijua, ile chai nyekundu, porini inaota Cederberg na maeneo ya jirani huko Afrika Kusini basi. Mmea wenyewe ni wa kijani, ukiuponda ukauacha hewani unaiva kuwa mwekundu, sasa hicho kinachoipa chai rangi ndo hichohicho kinaing'ang'ania DNA na kuiharibu.

1. Kibali kwanza, CapeNature (shirika la hifadhi la Rasi Magharibi) wanatoa cha kuchuma, na mwenye ardhi akubali kwa maandishi. Kausha na tawi moja uliweke hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), bila hilo kesho nani atajua ulisoma mmea upi.

2. Chuma machipukizi laini, funga kwenye foili, tumbukiza palepale kwenye nitrojeni kimiminika. Ukifika maabara, weka kwenye friza ya nyuzi -80.

3. Kusaga ndo roho ya kazi. Poza kinu na mchi kwa nitrojeni, saga huku unaongeza mpaka upate unga laini kama wa sembe, wa kijani mpauko. Ukianza kulowa na kugeuka kahawia tupa, niliwahi kuuonea huruma unga wa hivyo nikapoteza siku mbili bure.

4. Unga uingie kwenye CTAB (dawa kama sabuni ya kupasua seli) ya nyuzi 65 yenye PVP na mercaptoethanol (hii ya mwisho ni sumu, fanyia kwenye kabati la kufyonza hewa). PVP inazishika tanini, zile kemikali za jani zinazoing'ang'ania DNA. Weka klorofomu, zungusha kwenye sentrifyuji (mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi), vuta maji ya juu tu, ule utando mweupe wa katikati usiuguse kabisa. Ongeza isopropano baridi, pindua tyubu taratibu, DNA nzuri inatokea kama uzi wa pamba. Ikija kahawia, rudia kusafisha.

5. Pima usafi wa DNA kwa mwanga: uwiano wa 260/280 (unaonyesha protini) uwe kama 1.8, wa 260/230 (unaonyesha uchafu mwingine) karibu na 2. Jinomu ya rooibos ina herufi za DNA kama bilioni 1.2, ukitaka kila moja isomwe mara 30 ni bilioni 36, so usiende na DNA ya kubahatisha.

Swali: Mkuu, si ninunue tu majani ya chai dukani?
Jibu: Yameshavundikwa, yakaanikwa juani, yakapigwa mvuke, DNA imekatikakatika. Kutambua ni mmea gani inatosha, jinomu nzima hapana.

Swali: Kaka, wale Wakhoi na Wasan, wenyeji wa asili wa huko, wanapata nini hapa?
Jibu: Swali zuri sana. Maarifa ya mmea huu ni yao, na tangu makubaliano ya 2019 wanalipwa 1.5% ya bei ya shambani. Utafiti wako ukielekea biashara, kibali kinabadilika, usikwepe.

Swali: Protea ya Kilimanjaro, kile kichaka cha maua cha mlimani, je, njia hii inafaa?
Jibu: Inafaa dada, ila jani lake ni gumu, chukua changa kabisa na PVP uongeze. Vibali anzia COSTECH (tume ya sayansi ya Tanzania), na ndani ya hifadhi kuna TANAPA (wasimamizi wa hifadhi za taifa).