Upara wa viraka: dawa ipi ya kupaka ianze, ipi isaidie

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kiraka si mapunye. Upara unaoletwa na kinga ya mwili kushambulia mashina ya nywele huacha ngozi laini isiyo na magamba, na ukingoni hubaki vinywele vifupi vilivyokonda kuelekea shinani. Ukiona magamba au vidoa vyeusi, hasa kwa mtoto, shuku fangasi. Hiyo ukiipaka steroidi, yaani dawa inayotuliza kinga ya mwili, itazidi kutambaa.

Kama si fangasi, anza na klobetasoli 0.05%, steroidi kali ya kupaka, kwa kuwa yenyewe hutuliza shambulio. Kichwani chagua ya maji au povu. Ya mafuta hunata kwenye nywele. Tenga nywele, paka kiraka na sentimita moja kukizunguka, asubuhi na jioni. Kama ni krimu, mkanda wa kutoka ncha ya kidole hadi kiungo cha kwanza, takriban gramu 0.5, unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Ratiba iliyojaribiwa kwa watoto, chini ya daktari, ni wiki 6 za kupaka na 6 za kupumzika. Vikitokea vipele kwenye vinyweleo, pumzisha. Ngozi ikinywea na kuonyesha mishipa, acha kabisa. Na tyubu iwe ya klobetasoli tupu: zile zilizochanganywa na dawa ya fangasi na antibayotiki hazina kazi hapa, sembuse krimu za kujichubua.

Minoksidili 5%, mililita 1 mara mbili kwa siku, huchochea ukuaji lakini kinga haiigusi, hivyo ikiwa peke yake ni dhaifu. Ya maji ikikuwasha, mara nyingi chanzo ni propileni glaikoli, kiyeyusho kilichomo ndani yake, ambacho povu halina. Iache ikauke kabla ya kulala, la sivyo mto utaihamishia usoni na ndevu ziote. Mjamzito asiitumie.

Dithranoli 0.5–1% hufanya kazi kwa kuchokoza ngozi. Paka kwa glavu, osha baada ya dakika 20–30, ongeza muda polepole hadi wekundu kidogo. Bila mchokoo huo hakuna tija. Hutia madoa ya kahawia mpaka kwenye mashuka. Difensipironi, inayoamsha mzio wa ngozi makusudi, ni ya kliniki tu.

Usihukumu kabla ya miezi 3. Nywele za kwanza huweza kuota nyeupe. Rangi hufuata baadaye. Upara ukishavuka nusu ya kichwa, krimu hazifui dafu: muulize daktari wa ngozi kuhusu vidonge kama barisitinibu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2022.