Usukani unatikisika baada ya kunyanyua pikapu? Usianze na jeki

Kwa wenye Land Cruiser 79 iliyonyanyuliwa springi: usukani ukianza kutikisika ukipiga shimo, acha matairi chini. Vuta hendibreki, weka kuni kwenye matairi ya nyuma, washa injini, kisha mwenzako azungushe usukani kidogo tu kushoto-kulia, haraka haraka, wewe ukiwa umelala pembeni ya tairi la mbele. Tazama kwanza panadi rodi, ile fimbo ndefu inayotoka kwenye chesisi hadi kwenye ekseli. Weka kiganja juu ya bushi yake, ule mpira wa kwenye tundu la bolti (kidole kisiingie katikati): bolti ikicheza ndani ya tundu utasikia "tik" mkononi kabla macho hayajaona kitu. Halafu nenda kwenye tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu, moja moja. Jeki inaondoa uzito, na bushi iliyochoka hutulia isipobebeshwa mzigo, ndiyo maana mafundi wengi huipita.

Beringi za kingpini (egemeo ambalo gurudumu la mbele hugeukia) na za magurudumu hazitajionyesha hivi. Hizo ndizo za kupigia jeki na kutikisa tairi juu na chini. Mtikisiko unaokuja kwenye lami laini kwa spidi ileile kila mara, anza na balansi ya matairi. Na kama kila kitu kimekaza, kapime kasta, yaani mlalo wa egemeo hilo kwenda nyuma, kwa sababu kunyanyua springi huipunguza. Tafadhali usikubali kufungiwa shokomzoba mpya ya stelingi (ile inayozuia usukani kutikisika) kabla ya hapo. Inaficha ugonjwa tu, bushi inaendelea kulika.