Kukokotoa ardhi inayojengeka kwa alama za msongamano za LEED: mfano wa Kigoma

LEED ni mfumo wa kimataifa wa kutunuku majengo rafiki kwa mazingira; mojawapo ya alama zake hutolewa kwa msongamano, yaani wingi wa sakafu za majengo kwa kila hekta ya ardhi inayojengeka kuzunguka kiwanja. Juzi nilikaa na kijana mchoraji majengo hapa Mwanga, Kigoma. Hesabu yake ya msongamano ilimpa alama, mimi nikaona haiwezekani. Tulirudia hivi, kwa LEED toleo la 4.

1. Fungua QGIS, programu ya ramani, uchague mfumo wa majira wa UTM, kanda ya 35 Kusini. Kigoma iko magharibi ya longitudo ya nyuzi 30 Mashariki. Wengi huja na kanda ya 36 waliyozoea Tabora.

2. Chora mpaka wa kiwanja, kisha uuzungushie mita 400. Pima kutoka mpakani, usipime kutoka katikati. Kiwanja cha mita 60 kwa 50 kinakupa hekta 59 hivi.

3. Toa kisichojengeka. Hapa usiwe na haraka. Vinatoka hifadhi za barabara na reli, na ardhi iliyokatazwa na sheria iliyoandikwa. Kwetu ziwa lenyewe linatoka, na pia mita 60 kutoka ukingoni, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu humo. Ukingo usiutoe kwenye picha ya setilaiti ya zamani. Maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda. Niliwahi kuchora hivyo, niliposhuka ufukweni Kibirizi nikaukuta mchikichi niliouweka nchi kavu umesimama ndani ya maji. Nilianza upya, siku nzima ikaisha.

Shamba ambalo mzee hataki kuuza, bustani, kiwanja kilicholala: vyote vinabaki. Mwenye mali kuamua asijenge si katazo la sheria. Kijana alikuwa ametoa shamba la michikichi la hekta 3.

Tena, unganisha matabaka yote ya ramani ya visivyojengeka kuwa moja kabla ya kutoa. Barabara ikipita ndani ya zile mita 60, utaitoa mara mbili.

4. Jumlisha sakafu: eneo la kila jengo mara idadi ya ghorofa, bila maegesho. Ghorofa zihesabu kwa miguu, daftari mkononi. Picha ya juu inaonyesha bati tu.

5. Gawa jumla ya sakafu kwa hekta zinazojengeka. Kiwango cha kwanza cha kupata alama ni mita za mraba 5,050 kwa hekta, cha pili 8,035. Kijana alikuwa na sakafu za mita za mraba 118,000. Kwa hekta zake 22 alipata 5,364. Tuliporudisha shamba zikawa 25, na jibu likawa 4,720. Alama hana, na amejua kabla ya kuwasilisha.