Kabla hujanunua pampu ya maziwa ya kutumia mara moja moja

Dada zangu mnaonyonyesha, kama arobaini inakaribia kwisha na umeanza kuulizia pampu, mana kuna harusi huko Mtwapa ama una shughuli ya benki town ama wataka tu usiku mmoja ulale masaa manne mfululizo bwanako amshike mtoto, tulia kwanza kabla hujatoa pesa. Jiulize hii pampu ntaitumia mara ngapi, na wapi. Mama wa kukamua kila siku kazini na mama wa kukamua mara moja kwa wiki hawahitaji kitu kimoja kabisa, na ukiingia dukani bila kujua wewe ni wa kundi gani utatoka na mashine kubwa ya stima yenye mipira miwili na vifungo chungu nzima alafu ikakae kabatini.

Msimamo wangu nausema wazi. Kama mtoto ananyonya vizuri na wewe huachana naye mara chache tu, pampu ya mkono iliyo saizi yako yatosha, na pesa inayobaki bora iende kwa kiboksi cha barafu na vyombo vizuri vya kuwekea maziwa. Hapa kwetu Mombasa kinachosumbua zaidi ni joto, maji na stima, pampu yenyewe yaja nyuma.

Kabla ya yote jifunze kukamua kwa mkono, hii haina gharama hata shilingi. Mwambie nesi wa kliniki siku ya chanjo akuonyeshe, wengi wanajua na wanafundisha kwa moyo. Unaosha mikono, unaweka kidole gumba juu na vidole vingine chini ya titi, nyuma kidogo ya chuchu, kama sentimita tatu hivi, unasukuma kwanza kuelekea kifuani ndio unabana, unaachia, unarudia, bila kuburura vidole juu ya ngozi. Dakika ya kwanza pengine hutaona kitu, alafu yaja matone, alafu ghafla yaruka. Ukishajua hivi hata pampu ikikufia njiani hutakwama na titi limejaa, na kuna wamama wakishajifunza hawanunui pampu tena.

Wakati nao una maana. Ushauri wa kawaida ni usubiri mpaka unyonyeshaji ukae sawa, wiki ya nne hadi ya sita hivi, na ukiangalia arobaini yetu yaangukia papo hapo, kwa hivyo ule muda mama mzazi anapumzika ndani na mtoto ni muda wa kunyonyesha tu, pampu ingoje. Isipokuwa mtoto amezaliwa kabla ya wakati, ama amelazwa, ama hashiki titi. Hapo ni lazma uanze kukamua mapema sana, siku ile ile ukiweza, na usaidiwe na watu wa hospitali, na pengine utahitaji ile ya stima ya matiti mawili yenye nguvu. Hiyo si kazi ya mara moja moja na haya ninayoandika hapa hayakutoshi wewe.

Sasa aina zenyewe. Iko ya mkono, yenye kishikio unachobana. Iko ile ya silikoni tupu isiyo na kishikio wala mota, unaiminya unaibandika kwenye titi inashika yenyewe, hii ni nzuri kwa kudaka maziwa yanayotiririka upande wa pili wakati mtoto ananyonya upande huu, lakini usiitegemee kukamua titi ukiwa mbali na mtoto. Iko ya stima ya titi moja ama mawili. Na ziko hizi za kuvaa ndani ya sidiria hazina mpira wala waya, ukivaa buibui hakuna anayejua, raha kwa kweli, lakini bei yake kubwa na vipande vyake vya kuosha ni vingi na kwa mtu wa mara moja kwa wiki mi sioni sababu.

Mahali pa kukaa sana ni saizi ya funeli, ile sehemu inayoingia chuchu, mana hapa ndipo wengi huumia wakadhani pampu zote ni mateso. Chukua rula, pima upana wa chuchu peke yake, usihesabu ile rangi nyeusi inayoizunguka, kwa milimita. Funeli iwe kubwa kidogo tu kuliko hapo. Nyingi zinakuja na 24 ndani ya pakiti, na mama mwenye chuchu ya milimita 16 ukimpa 24 itavuta mpaka ngozi ya pembeni, atatoka na duara jekundu na maziwa kiduchu. Ukiwa unakamua angalia ndani: chuchu yatakiwa iende na kurudi bila kusugua ukutani, na ile sehemu nyeusi isivutwe ndani sana. Ikitoka imekuwa nyeupe, ama imepasuka, ama unakunja uso kila ikivuta, saizi si yako ama umeweka nguvu nyingi. Nguvu nyingi haileti maziwa mengi jamani. Anza kwa kuvuta haraka haraka kwa nguvu kidogo mpaka maziwa yashuke, alafu ndio uende kwa kuvuta kwa taratibu na kina, na mwisho wa nguvu ni pale ambapo huumii. Kwa hivyo ukiwa dukani, iwe Biashara Street ama duka la dawa ama supamaketi, usiulize bei kwanza, uliza kama funeli za saizi zingine zapatikana kwa hiyo pampu.

Uliza na vipuri pia. Ndani ya pampu kuna kiulimi kidogo cha silikoni, mara nyingi cheupe, mdomo wake umefungana kama wa bata. Hicho ndicho kinashika hewa. Kikichanika hata kidogo, ama kikilegea kwa sababu umekisugua na brashi, pampu inavuta bila nguvu na wewe unadhani maziwa yamekukauka. Kiinue kwenye mwangaza ukiangalie mdomo. Pampu ambayo huwezi kupata hicho kiulimi hapa mjini usiinunue hata iwe rahisi vipi.

Ukiamua ya stima, chukua inayochajiwa ama inayokubali pawabenki, mana stima zetu mwazijua, na tokeni nazo huisha saa mbaya. Na kama shangazi amekuletea kutoka Marekani, geuza chaja usome maandishi madogo nyuma. Ikiandikwa INPUT 100-240V chomeka bila wasiwasi na adapta yako ya plagi, lakini ikiwa 120V peke yake usiichomeke ukutani, huku kwetu ni 240 utaiunguza siku ya kwanza.

Ya kuazimwa ama ya mtumba hapana, hata ikiwa ya dada wa damu. Pampu nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa mtu mmoja, na zile ambazo hazina kizuizi kati ya maziwa na mota, unyevu wa maziwa huingia ndani mahali ambapo huwezi kuosha wala kuchemsha. Kununua mpira mpya na funeli mpya hakusafishi huko ndani.

Tuje kwa joto sasa. Utasoma kila mahali kwamba maziwa yalokamuliwa yakaa nje masaa manne. Ni kweli, lakini hesabu hiyo ni ya chumba kisichozidi nyuzi 25, na wewe uko Mombasa, kaskazi imepamba moto na mchana wapita 30, uko Kisauni kwenye chumba cha mabati ama umekwama kwenye foleni ya Likoni. Usiyahesabie masaa manne hapo. Yakitoka tu yaingie kwenye baridi. Kwenye kiboksi na pakiti za barafu zilizoganda sawasawa yaweza kukaa mpaka masaa 24, kwenye friji siku nne, yaweke nyuma kabisa si mlangoni, na kwenye friza miezi sita ndio nzuri zaidi. Ila kile kijifriza kilicho ndani ya friji ya mlango mmoja, kinachofunguliwa kila dakika watoto wakitafuta barafu, usikitegemee kwa miezi. Yakishayeyuka ndani ya friji yatumike kabla ya masaa 24 na hayarudi kuganda. Kama nyumba haina friji, kamua siku ile ile karibu na kutoka na uache kwenye kiboksi, usijaribu kuweka akiba ya kesho.

Maji. Kwa kuosha tenga beseni la pampu peke yake, usioshee kwenye sinki moja na sufuria za samaki, sabuni na maji ya moto kila baada ya kutumia, na kama mtoto hajafika miezi miwili chemsha vipande dakika tano mara moja kwa siku. Wanaotumia maji ya kisima ya chumvi suuza ya mwisho iwe kwa maji matamu, ya kunywa, mana ile chumvi huacha ungaunga mweupe kila mahali. Kausha kwa hewa juu ya kitambaa safi, usifute na leso ulojifunga. Mpira wa hewa ukiona una ukungu ndani tupa.

Kiasi nacho ujue mapema usije ukalia bure. Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita anayenyonya tu bila kingine hunywa kama mililita 750 kwa siku, kwa hivyo piga kama 30 kwa kila saa utakayokuwa mbali. Harusi ya masaa manne ni 120, ongeza kidogo ya tahadhari. Na ukikamua baada ya mtoto kunyonya, kupata mililita 15 mpaka 60 kwa matiti yote mawili ni kawaida kabisa, si dalili ya upungufu, kwa hivyo anza siku mbili kabla, asubuhi ndio hutoka zaidi, na maziwa mapya yapoe kwanza kwenye friji kabla hujayachanganya na ya jana.

Alafu aliyebaki na mtoto, awe mavyaa ama dadako, afundishwe kabla. Apashe moto kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, si maikrowevu, azungushe taratibu ile mafuta ilopanda juu irudi, alafu ampe kwa kikombe kidogo, mtoto ameinuliwa, kikombe kiguse mdomo na yeye mwenyewe alambe, asimwagiwe. Mjaribu siku kadhaa kabla ukiwepo nyumbani, watoto wengine hukataa kwa mama wakakubali kwa bibi. Yaliyobaki kwenye kikombe baada ya masaa mawili yamwagwe, na maji asipewe hata kama kuna joto, kama bado hajafika miezi sita.

Na walo kazini, Sheria ya Afya ya 2017 yamtaka mwajiri awe na mahali pa kukamulia, pa kukaa, pa kunawa, pa kuchomeka na pa baridi, na akupe muda wa kukamua mbali na ule wa kula. Mwulize bosi kabla likizo haijaisha.

Siku yenyewe nyonyesha mpaka dakika ya mwisho kabla hujatoka, na ukiwa huko kamua kila masaa matatu hivi hata kama maziwa ya nyumbani yanatosha, usiache titi lijae mpaka liwe gumu. Likiwa na sehemu nyekundu yenye moto na mwili ukaanza homa, endelea kunyonyesha na wende hospitali mapema.