Kadi ya kusoma darasa la tatu: namna ninavyoendesha mpango wa zawadi maktabani

Mwalimu mwenzangu uliyekabidhiwa ufunguo wa maktaba, kabla hujanunua hata penseli moja ya zawadi, fungua kabati uhesabu vitabu ambavyo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuvisoma mwenyewe. Vitabu vya kiada weka kando, na vile vya sekondari vilivyoletwa kwa msaada pia. Hesabu hadithi tu. Kama hazitoshi kila mtoto wa darasa moja kupata chake, mpango wa zawadi usubiri kwanza, maana watoto wataishia kugombania vitabu.

Upungufu huo unazibika. African Storybook wanatoa hadithi za picha bure mtandaoni, nyingi zimo kwa Kiswahili, na zinaruhusiwa kuchapwa na kunakiliwa. Pakua kwenye kishikwambi, vile tulivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, kachape Tukuyu mjini kwa karatasi za A4, kunja katikati, piga pini. Kijitabu cha namna hiyo kikipewa jalada la manila kinapita mikono mingi kabla hakijachoka.

Adui yetu hapa Rungwe, mkoani Mbeya, ni unyevu. Kabati lisigusane na ukuta, liinuliwe kwa matofali, na siku jua likitoka baada ya mvua za mfululizo vitabu vitolewe nje vipigwe upepo. Kila kitabu kinachokwenda nyumbani kiende ndani ya mfuko ulioshonwa kwa kiroba cha unga. Usimruhusu mtoto kukipakata chini ya sweta. Anakwenda mbali, na mvua ya huku haisubiri mtu afike.

Sasa kadi. Kata manila iwe saizi ya kiganja, chora vyumba ishirini. Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika, kwa sababu walimu wanahesabu vitabu. Ukihesabu vitabu, mtoto atachagua vyembamba kuliko vyote, na yule anayependa hadithi ndefu ataonekana mvivu. Hesabu jioni. Chumba kimoja ni jioni moja ambayo mtoto amemsomea mtu wa nyumbani kwa dakika kama kumi na tano, kisha akamsimulia alichosoma. Waambie wasome kabla giza halijaingia, ndizi zikiwa bado jikoni, kwa kuwa si kila nyumba ina taa ya kusomea.

Msikilizaji ndiye anayethibitisha, na hapa naomba uwe mpole. Watoto wengi wanaishi na bibi. Bibi huenda hasomi, na huenda Kiswahili cha kitabuni si chake. Basi mtoto asome kwa Kiswahili, kisha asimulie kwa Kinyakyusa, na bibi aweke alama ya msalaba au dole gumba. Mimi naiheshimu alama hiyo kuliko sahihi nyingi. Mtoto anayeweza kuihamisha hadithi kwenye lugha ya nyumbani ameielewa, na hakuna jaribio nitakalotunga likanionyesha hilo vizuri zaidi. Tena bibi akishaijua hadithi, kesho yake ndiye atakayeuliza kitabu kiko wapi.

Shuleni, Ijumaa, muulize kila mtoto swali moja au mawili ukipokea kitabu: nani ulimpenda, wapi ulishangaa, wewe ungefanyaje. Gonga mhuri kwenye kadi. Usimpe alama kwa mia.

Kuhusu zawadi zenyewe, tafiti zipo na zinafaa kujulikana. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wa shule ya awali huko Marekani waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti endapo wangechora. Siku kadhaa baadaye, walipoachwa wachague mchezo wenyewe, walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungua. Upande mwingine, mchumi Roland Fryer alipolipa watoto wa darasa la pili huko Dallas, Marekani, dola 2 kwa kila kitabu walichosoma, uelewa wa kusoma ulipanda kwa wale wanaozungumza Kiingereza, ilhali pesa zilizolipwa kwa matokeo ya mitihani katika miji mingine hazikuzaa kitu. Mimi nazisoma tafiti hizo mbili hivi: zawadi inaweza kumsogeza mtoto ambaye bado hajaonja kusoma, mradi inalipa tendo lenyewe ambalo liko ndani ya uwezo wake, na mradi haimharibii yule aliyekwisha penda. Kumpa zawadi aliyeshika namba moja darasani hakufanyi lolote kati ya hayo.

Utafiti ninaoutegemea zaidi ni wa Marinak na Gambrell, wa mwaka 2008, kwa sababu ulihusu watoto wa darasa la tatu. Waliozawadiwa kitabu waliendelea kuchagua kusoma kuliko waliozawadiwa vitu vidogo vya kuchezea. Kwa hiyo zawadi yako iwe jirani na kitabu. Mtoto aliyejaza vyumba vitano aitwe wa kwanza kuchagua Ijumaa. Mwenye kumi aingie darasa la kwanza kuwasomea wadogo, akae kwenye kiti cha mwalimu. Mwenye kumi na tano aazime vitabu viwili likizo. Aliyejaza kadi yote ashiriki kuchagua hadithi zitakazochapwa safari ijayo, na jina lake liandikwe ndani ya jalada la ile aliyoichagua. Gharama yake ni ndogo mno, na sijaona biskuti inayomnyoosha mtoto mgongo kama jina lake ndani ya kitabu. Penseli wape wote siku ya kwanza, ziwe vifaa vya kazi. Ukihitaji mchango wa wazazi, hata mdogo, pitia kamati ya shule. Elimu bila ada ipo tangu 2016 na mzazi ana haki ya kuuliza.

Ukutani usibandike majina. Nakusihi sana katika hili. Mtoto anayesoma kwa kuunganisha silabi atalitazama jina lake chini kabisa kila asubuhi, na atajifunza jambo moja tu, kwamba maktaba si yake. Chora mkungu mmoja mkubwa wa ndizi kwa darasa zima. Kila kadi inapofikisha vyumba vitano, darasa linapaka rangi ndizi moja. Kichane kikijaa, nendeni mkasome chini ya mti. Mkungu ukijaa, mwalikeni mzee wa kijiji aje kusimulia hadithi za zamani, watoto waziandike, nazo ziingie kabatini.

Kwa wale ambao bado hawajui kusoma, waunganishe na watoto wa darasa la tano. Wakae wawili wawili, mkubwa asome sentensi, mdogo airudie akifuatisha kwa kidole. Wote wawili wapate chumba. Na mtoto anayesimulia kwa picha peke yake mhesabie pia. Anajifunza kwamba hadithi inakwenda mbele ukurasa kwa ukurasa.

Vitabu vitapotea, vingine vitaliwa na mbuzi. Usitoze faini, kwani mzazi akitozwa mara moja atamkataza mtoto kuleta kitabu nyumbani. Andika kwenye daftari, mtume mtoto asaidie kutengeneza kijitabu kingine, mambo yaishe.

Wiki nane zinatosha. Anza Februari, watoto wakiwa wametulia, wala usigusane na mtihani wa Septemba wa darasa la saba au upimaji wa darasa la nne. Muhula wa pili usigawe kadi kabisa. Acha mfuko wa kiroba, acha Ijumaa, acha maswali yako mawili, kisha tazama daftari la kuazima. Majina mengi yatakuwepo bila mhuri wowote. Yale yaliyopotea yaandike pembeni kwa penseli, na Ijumaa inayofuata waite hao kwanza, wachague kabla ya wengine.