Kabla ya kumgombeza mtoto wa kisukari, mtoboe kidole umpime

Jioni moja nilimtuma binti yangu kwa jirani. Akarudi mikono mitupu, akasimama mlangoni: "Mama, kile… kile cha kusongea bugali kinaitwaje?" Mwiko! Mtoto wa miaka tisa, na huushika kila siku. Nikamfokea kwanza, nikampima sukari ya damu baadaye. Mashini ikaonyesha 52 (mg/dL): imeshuka.

Ana kisukari tangu akiwa na miaka minne, na hapa kwetu Kadutu, Bukavu, wengi hudhani ni ugonjwa wa wazee. Ubongo unaishi kwa sukari ya damu. Ikishuka, maneno hukwama na aliyotumwa hupotea njiani. Ikikaa juu wiki nzima, mtoto huwa mzito, hashiki masomo. Watafiti wameona kwamba walioanza wadogo sana, wakapata degedege la sukari kushuka au sukari yao ikakaa juu miaka mingi, wanaweza kubaki nyuma kidogo katika kukumbuka na katika maneno. Kidogo, nasema. Wengi wanasoma vizuri tu.

Basi akianza kutafuta maneno, pima. Ikiwa chini ya 70, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, anywe. Ngoja dakika 15, upime tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda, mpe ndizi au mkate. Vikaratasi vya kupimia ni ghali, najua. Vikiisha na mtoto anatoka jasho na kutetemeka, mpe sukari, usingoje namba. Akizimia usimnyweshe kitu: mlaze ubavu, mpake sukari iliyoloweshwa chini ya ulimi, mkimbize hospitali.

Usimrudishie daftari papo hapo. Namba hupanda haraka, akili inafuata polepole. Mimi humwachia karibu saa nzima.

Nenda masomoni mwenyewe uongee na mwalimu. Mwambie aruhusiwe kula kalasini, na asiulizwe ubaoni akiwa anatetemeka. Mwalimu wetu wa kwanza alimwita mvivu mbele ya wenzake. Huyu wa sasa anaweka pakiti ya sukari kwenye meza yake. Nyumbani tunakariri baada ya kula, mistari miwili miwili, kwa sauti.

Juzi alikwama kwenye ubeti wa tatu wa shairi lake la Kifaransa. Nikamtoboa kidole haraka: 112, iko sawa. Kumbe alikuwa anacheza kamba tangu saa nane, hata daftari hakulifungua.