SOMO: Vitunguu vinavyozaana – namna ya kupata mbegu na kuvitunza bustanini

Wakuu, kila wiki naulizwa swali lile lile: vile vitunguu unavyopanda kimoja ukavuna fungu umevitoa wapi, na unavilimaje? Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Niko Morogoro, kwa hiyo miezi ninayotaja ni ya mvua za huku. Wewe linganisha na za kwenu.

Viko vya aina mbili. Kuna vya majani, ambavyo havifungi kichwa, vinatoa machipukizi pembeni na kukaa shambani miaka. Na kuna vya vichwa vidogo vyekundu: unapanda kimoja, kinagawanyika kuwa vinne, sita au zaidi, majani yanakauka, unavuna, unatenga mbegu, unapanda tena.

1. Mbegu ya vya majani. Nunua fungu sokoni lenye mizizi yake. Kabla ya kulipa, kata jani moja karibu na chini uangalie umbo la tundu. La kitunguu cha majani cha kweli ni duara. La kitunguu maji kilichong'olewa kikiwa kichanga lina upande mmoja bapa. Hicho cha pili usikipande ukitegemea kikae miaka, kitakomaa na kukauka kama kitunguu maji kingine chochote. Ukipata cha kweli, punguza majani, acha mizizi, kipande siku hiyo hiyo.

2. Mbegu ya vya vichwa. Hapa ndipo watu wanapopoteza msimu mzima, someni polepole.

Kinachofanya kitunguu kifunge kichwa si umri. Kinasubiri mchana ufike urefu fulani, na kila mbegu ina urefu wake. London mwezi Juni urefu wa mchana unapita saa 16. Huku kwetu urefu wake unacheza karibu na saa 12 mwaka mzima, tofauti kati ya Juni na Desemba haifiki saa moja. Mbegu iliyozoea Ulaya au kaskazini mwa Marekani ukiipanda hapa itakupa majani mazuri ya kijani, utasubiri, utamwagilia, na kichwa hakitokei. Mbolea haitakusaidia, na dawa ya dukani haitakusaidia.

Mbegu inayotufaa ni ya nchi zenye mchana kama wetu, na zipo. Brebes kule Java, moja ya sehemu zinazolima sana vitunguu hivi Indonesia, iko karibu latitudo 7 kusini, sawa kabisa na Morogoro na Dar. Jaffna ya Sri Lanka wanavilima. Anloga, pwani ya Ghana, wanavilima. Ethiopia wanavilima sana. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hivi ni vya nchi za baridi.

Huku kwetu vitafute kwanza kwa majirani na bibi zetu wenye bustani, halafu kwenye lundo la vitunguu vidogo ambalo bado halijachambuliwa, kwa wauza mboga wanaohudumia jikoni za Kihindi. Shika kimoja kimoja. Kilichokua ndani ya fungu kina ubavu bapa, pale kilipobanwa na ndugu zake, na mara nyingi kitakoni kina kovu la kubanduliwa. Vingine utavikuta viwili bado vimeshikana kwenye kitako kimoja chini ya ganda moja. Kata kimoja kukipasua kwa upana: utaona viini viwili au vitatu, kila kimoja na duara zake. Angalizo: hata kitunguu maji cha kawaida huwa na viini viwili mara moja moja. Usihukumu kwa kimoja, angalia lundo. Kama vingi vina ubavu bapa, nunua.

3. Msimu. Masika ikiisha, mwishoni mwa Mei mpaka Juni. Mvua nyingi juu ya majani inaleta mabaka ya zambarau na ubwiri vinyoya.

4. Tuta. Liinue, lipate jua kutwa. Samadi iliyooza kabisa, ndoo ya lita 20 kwa mita nne za mraba. Mbichi ni marufuku.

5. Amsha mbegu. Kitunguu kilichovunwa juzi kimelala. Kiache mahali pakavu penye hewa miezi miwili hivi. Ukiwa na haraka, kata ncha ya juu, kama robo ya kichwa, acha kidonda kikauke kivulini ndipo upande. Ukipanda kidonda kikiwa kibichi, kinaoza.

6. Kupanda. Kitako chini, ncha juu, nafasi sentimita 15 kwa 20. Usikifukie. Kisukume mpaka ncha ibaki inachungulia. Kichwa kinajengeka juu ya udongo, ukikizika unakipa kazi ya kusukuma udongo na unakikalisha kwenye unyevu.

7. Maji na palizi. Mizizi yake ni mifupi, haivumilii ukavu wala ushindani wa magugu. Mwagilia kidogo kidogo asubuhi, palilia kwa mkono. Majani yakianza kulala, simamisha maji.

8. Kuvuna. Zaidi ya nusu ya majani yamelala, ng'oa. Kwa joto la huku ni miezi miwili na kidogo, milimani inazidi. Anika kivulini na majani yake, shingo ikauke iwe kama karatasi.

9. Kutenga mbegu. Fanya siku ya kuvuna, kabla jikoni hawajafika. Watu wengi wanakula vizuri na kupanda vilivyobaki, yaani vidogo na vyenye kasoro. Kumbuka unachopanda si mbegu ya ua, ni mmea ule ule umekatwa vipande. Ugonjwa wa virusi ukishaingia unarithishwa kila msimu, na vidukari wanausambaza kwa majirani zake. Kwa hiyo uchaguzi unaanza shambani, majani yakiwa bado mabichi: fungu lenye michirizi ya njano, majani bapa yaliyojikunja, weka alama, hilo ni la kula tu. Mbegu itoke kwenye mafungu yenye majani yaliyosimama na rangi moja. Tenga robo ya mavuno, na ugawie jirani kidogo, ili yako ikifa uwe na pa kuomba.

---

Maswali yenu na majibu yangu:

Kutoka Tabora: Asante mkuu. Sasa hivi vinapandwa mwezi gani?

Hatua ya 3.

Kutoka Dodoma: Mimi nina Red Bombay, vitunguu maji vyekundu vya sokoni, zimeota stoo. Nikizipanda si zitazaa hivyo hivyo? Mnakuza mambo tu.

Sikuzi jambo, ndugu. Red Bombay inazalishwa kwa mbegu ya ua. Ukipanda kichwa chake, kinachofuata kwa kawaida ni shina la ua, na pengine vichwa viwili vitatu vyembamba visivyotunzika. Majani yake utakula, hilo ni sawa. Lakini ukirudia msimu hadi msimu hupati nilichoeleza hapa. Nimeandika yote hatua ya 2.

Kutoka Njombe: Mwalimu, vyangu vilikuwa na vichwa vizuri lakini vingine vikatoa maua Julai. Tatizo ni mbegu au udongo?

Swali zuri, dada. Ni baridi. Kitunguu kikipita wiki kadhaa kwenye baridi ya nyuzi 10 hivi, kinapata ishara ya kutoa ua, na Njombe mwezi Juni na Julai baridi hiyo mnayo. Brebes kwenye joto wanapotaka mbegu ya ua inabidi waweke vichwa kwenye jokofu kwanza. Vunja shina likiwa changa, ulikaange na mayai, ni tamu. Fungu lililotoa ua liliwe mapema kwa sababu halikai stoo: shingo yake ina tundu, unyevu unaingia. Msimu ujao jaribu tuta moja upande Septemba baridi ikipungua, ulinganishe. Na angalia kama kuna mafungu ambayo hayakutoa ua kabisa, mbegu uichukue kwenye hayo.

Kutoka Limuru, Kenya: Binamu yangu yuko Uingereza anataka kuniletea vya huko kwa begi. Vitakubali?

Kwanza, hatua ya 2, suala la mchana. Pili, usikubali. Vitunguu vya kupanda vinahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea. Mamlaka ya afya ya mimea kwenu ni KEPHIS, huku kwetu TPHPA. Kuna kuvu wa uozo mweupe wa vitunguu anayependa udongo wa baridi kama wa Limuru, na akishaingia anakaa ardhini zaidi ya miaka 20 akisubiri kitunguu kingine. Hutaathirika peke yako, jirani zako wanaishi kwa mboga.

Kutoka Ohio, Marekani: Na sisi tulio huku je? Nimepata vidogo vyekundu duka la Waasia.

Kwako inageuka, kaka. Hivyo vya tropiki vitafunga kichwa mapema mno, majani yakiwa bado machache, na utavuna punje. Tafuta vya huko vinavyogawanyika, panda Oktoba kabla ardhi haijaganda, funika kwa nyasi kavu, utavuna Julai. Huko pia kuna vile vinavyozaa vitoto juu ya shina: shina linazidiwa uzito, linalala, vitoto vinatia mizizi pale vilipoangukia. Ukivipanda hutanunua tena vitunguu vya majani.

Kutoka Bagamoyo: Udongo wetu mchanga mtupu. Nife moyo?

Hata kidogo! Anloga wanalima kwenye mchanga kando ya wangwa, matuta madogo, samadi nyingi na hata mabaki ya samaki, na maji kila siku. Wewe una bahari na dagaa. Mabaki yachanganye kwenye mboji yaoze kwanza.

Kutoka Tabora: Nimesoma yote sasa, samahani. Kuku wanaparua tuta usiku na mchana, nifanyeje?

Karibu tena. Kuku wanafuata wadudu kwenye samadi, vitunguu hawavitaki. Changanya samadi chini kabisa wiki mbili kabla ya kupanda, kisha laza matawi ya miba juu ya tuta mpaka mizizi ishike. Vilivyong'olewa rudisha siku hiyo hiyo, vitaendelea.